Leja ya Nyumba Nambari Nne

Kitanda kimoja, futi tano kwa sita. Neti moja.
Birika la umeme, mfuniko umelegea.
Viti vinne, kimoja cha kukaliwa kwa tahadhari.
Ufunguo.
Hayo nayaandika mimi, Osodo wa stoo,
chuo cha ufundi, hapa Kibos, mgeni akija;
akienda, nayapiga mstari kwa wino mwekundu.

Ukurasa wa kwanza ni wa Bwana Henryk,
mwalimu wa umeme, mtu wa nchi za theluji.
Tangazo la kazi lilimwahidi mandhari ya ziwa.
Ziwa lipo, sikatai,
ila dirisha lake lilitazama miwa ya jirani,
na miwa huchukua miezi kumi na minane kukomaa.
Alingoja. Ikakatwa. Akaliona ziwa asubuhi moja,
akapiga picha,
jioni akaandika barua ya kuacha kazi.

Kisha Bi Dilrukshi, wa majokofu, kutoka Kandy.
Huyu alikaa miaka miwili kasoro siku tisa.
Kibali chake kililala Nairobi hadi kikaota ndevu,
mshahara ukaja kwa kuchechemea,
naye yumo karakanani, grisi hadi viwikoni,
akiwafundisha vijana kuisikiliza kompresa
kama mkunga asikilizavyo tumbo.
Siku ya kurudisha vitu nilihesabu vijiko: sita, kamili,
vitano havijawahi kutumika.
"Hakuna aliyekuja," alisema,
wala hakulaumu. Alikuwa anathibitisha hesabu.

Nyumba kumi na moja zimeizunguka ile yake.
Kila mmoja wetu aliogopa: tumpe nini ale?
Akae wapi? Kiingereza chetu kitatosha?
Tukamheshimu hivyo, kwa mbali,
mpaka heshima ikamfukuza.

Bodi ilikaa. Nilikuwa napeleka chai.
Mmoja akasema ongezeni marupurupu,
mwingine tangi la maji, mwingine intaneti,
mwenyekiti akataka neno "ushindani" liingie katika kumbukumbu.
Mimi sikuulizwa. Nilikusanya vikombe.

Alipofika Ofosuhene wa Kumasi, fundi wa kerezo,
mke wangu hakuingoja bodi.
Alimtuma Akumu, binti yetu, na bakuli la osuga
na ugali wa wimbi uliofunikwa kwa sahani.
Mgeni akaonja, akacheka, akaja kwetu kubishana:
ugali wa kwao una uchachu,
na huu wetu, alidai, umeepuliwa kabla ya wakati.
Ubishi ule ulidumu miaka sita.
Sidai kwamba ni mboga iliyombakiza;
alikuwa pia na kesi ya kiwanja na kaka yake
asiyotaka kuirudia.
Lakini viti vyote vinne vilikaliwa,
hata kile kibovu, hadi kikavunjika,
nikaandika: kimevunjwa na wageni wake.
Sijawahi kuandika hasara kwa raha kama ile.

Akumu alijifunzia kerezo mikononi mwake,
chuma kikizunguka, kikimwaga nywele za fedha sakafuni.
Mwaka huu tangazo limemchukua yeye:
chuo cha ufundi, Francistown, mkataba wa miaka mitatu,
nyumba ipo.
Jana nimempigia. "Wamekupa nini?"
"Kitanda, Baba. Birika. Viti viwili. Ufunguo."
"Na nani amebisha hodi?"
Mtandao ukakatika,
au haukukatika.

Kesho Nambari Nne inapata mtu wa mabomba
ambaye jina lake bado nafanyia mazoezi.
Nimeongeza mstari katika leja,
mkaguzi ataupigia duara:
sufuria moja, samaki ndani,
kutoka kwa Osodo.
Safu ya kurudishwa nimeiacha tupu.

Nawe, mwenzangu wa stoo huko Francistown,
sikujui, ila najua unaandika:
binti yangu hali nyama ya mbuzi.
Mengine yote anakula.